Kilo Saba Chini ya Sweta

...na bado anaomba, huyu Bethwel, macho ameyafumba, shingo imekaza, viganja viko juu ya kuku na chapati kana kwamba anazuia dari isianguke, na Jelagat amesimama katikati ya sebule yake mwenyewe, wima kama mlingoti wa stima, kilo saba za mchanga zimemkumbatia kifua na mgongo chini ya sweta la kijani, na humu ndani hakuna hata mmoja anayejua, mwanzo walifikiri amenenepa, na heri wangebaki hapo hapo, kwa sababu hapa Kabazi mtu akikwambia umenenepa unamshukuru na kumwongezea chai, lakini lile neno alilolisikia dirishani akisuuza vikombe, hilo linamwasha mpaka sasa kama upupu... "Baba, tunakuja mbele zako kama familia," anasema Bethwel, haya, njoo, lakini njoo kwa njia ya mkato, mzee, chai inashika ngozi, na kuku huyu hakuchinjwa alfajiri yote ile ili aombewe mpaka apoe, lakini Bethwel hajui njia ya mkato, Bethwel ni kaka mkubwa wa marehemu Weldon, mume wa Jelagat, na kabla hajaokoka alikuwa dereva wa lori, Mombasa hadi mpaka wa Uganda, wokovu ukamtoa barabarani lakini barabara haikumtoka, anaomba vile alivyokuwa akiendesha, anawasha injini polepole, anapanda mlima kwa gia ya chini, mara anapumua kwa nguvu, unasema sasa ni Amina, watu wanafungua jicho moja kumtazama kuku, kumbe amebadilisha gia tu, na siku akiwa na mzigo mkubwa lazima alale Salgaa, kwenye kituo cha malori, na mzigo wa leo ndio mkubwa kuliko yote, mzigo wa leo ni Jelagat mwenyewe, kwa sababu baada ya Amina ni kula, na baada ya kula Bethwel atasafisha koo aseme, "Mama Kiplimo, tumeketi, tumeonelea," na katika ukoo huu Bethwel akishasema tumeonelea, hilo jambo limekwisha, na wameonelea nini anajua tayari, Jemutai binti yake alimpigia simu kutoka Eldoret akanong'ona kama mtu aliyejificha kabatini, "Mum, usishtuke, Kiplimo anakuja na Uncle Bethwel, wanataka uhamie Nakuru," naye akamjibu, "Mimi sishtuki, mimi hushtua," jibu tamu, alilipenda mwenyewe, akalirudia mbele ya ng'ombe, lakini alipokata simu alikaa kwenye kigoda cha kukamulia muda mrefu bila kukamua.

Ng'ombe wauzwe, shamba likodishwe, mama ahamie mtaa wa Section 58 huko Nakuru, ghorofa ya nne, chumba chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani, kochi, televisheni, apumzike, apumzike, apumzike, Kiplimo akilitamka neno hilo analilainisha kama mtu anayemsemesha ng'ombe kwa upole huku ameficha kamba mgongoni, na ni mtoto mzuri, hilo hakuna anayebisha, mtoto wa kwanza wa Jelagat, msimamizi kwenye duka kubwa la vipuri mjini, amevaa shati la kola, ana gari, ana mke, Fancy, msichana mzuri mwenye maneno kidogo na simu kubwa, na hata leo Bethwel aliposema tusimame tuombe, Kiplimo alimshika kiwiko, "Mum, wewe keti tu, Mungu anaelewa," naye akamuuliza, "Anaelewa nini? Mimi nimemwambia nimechoka?" ... "tunamleta mama huyu, Baba, umjue hali yake, uujue udhaifu wake..." udhaifu! Mtu amesimama na kilo saba anaombewa udhaifu na mtu aliyesimama na suti peke yake, na hata hiyo suti imemshinda, ona vile ameanza kuegemea meza kwa paja, anafikiri kila mtu amefumba macho, Jelagat hajawahi kufumba macho yote mawili katika maombi tangu siku paka alipobeba nyama ya Krismasi mbele ya Amina...

Na yote haya ni kwa sababu ya mkono, mkono mmoja, wa kushoto, wala hakuanguka kwa maana, hakupigwa na dume, hakutupwa na mti, aliteleza tu mlangoni mwa zizi, mvua ya Aprili, matope na samadi, akaweka mkono chini kama mtu anayeegemea meza, na kifundo kikavunjika kama bua la mahindi lililokauka, ta, hivyo tu, aibu, mpaka akiwasimulia watu akaona afadhali amtie ng'ombe ndani ya hadithi, akasema alipigwa teke, halafu teke likakua, likawa mateke, halafu akarushwa juu ya ua, na yule ng'ombe maskini mpole kuliko shemasi akaharibikiwa jina kijiji kizima, hata mtu wa kupandisha ng'ombe mimba akaja na kamba mbili, lakini daktari wa Nakuru, mwanamke mwenye miwani, hakudanganyika, aliinua ile picha ya mifupa kwenye mwanga akasema, "Mama, mfupa wako umekuwa kama mkate, una vitundu, umeacha kuona mwezi kitambo?" kitambo, "Basi wanawake wengi hufika hapo, mifupa inapungua baada ya hedhi kukatika, meza dawa hizi, ota jua, kunywa maziwa, na utembee, mfupa unataka kazi," na Kiplimo aliyesimama pale na koti la mamake mkononi akasikia yote isipokuwa hilo la mwisho, alisikia mkate, alisikia vitundu, na kunywa maziwa, kumwambia Jelagat anywe maziwa ni kama kumwambia Bethwel aombe...

Kwa hiyo ni Chesang aliyemwokoa, na atamwambia hivyo siku moja, si leo, Chesang atavimba kichwa, Chesang wa ng'ambo ya mto aliyekimbia mbio za barabarani Ulaya mpaka magoti yakagoma, akarudi na nyumba ya mawe na gunia la viatu, siku hizi jioni anawakusanya wanawake uwanja wa shule ya msingi, wanawake wa makamo, wenye leso kiunoni na raba za watoto wao, anawatembeza, na siku moja akaja amevaa kitu cheusi kifuani kama askari wa benki, "Hiki ni kizibao cha uzito, mtu anakivaa anatembea nacho, uzito umekaa karibu na mwili, mbele na nyuma sawasawa, nyonga na uti wa mgongo vinashtuka, vinasema kumbe bado tunahitajika," na Mama Njuguna, jirani, akacheka mpaka akashika magoti, "Wewe Chesang, ona paji langu hili, kamba ya kuni imechimba mtaro tangu nikiwa msichana, sasa unaniambia nibebe mchanga bure? Hata punda hubebeshwa akiwa na safari!" na wote wakacheka, Jelagat akacheka kuwashinda, yeye akicheka ndege huhama, lakini Chesang hakucheka, alimuuliza Mama Njuguna polepole, "Kuni ulibeba lini mara ya mwisho?" na Mama Njuguna akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha, kwa sababu nani anabeba kuni siku hizi, Chesang akaendelea, "Na ulizibeba umeinama, shingo imevutwa, hizo zilikukunja, hiki unakivaa umesimama, kifua mbele, macho yako barabarani, unaanza na kidogo kabisa, mwili ukizoea unaongeza kidogo, magoti yakilia unapunguza, dawa zako unaendelea kumeza, na msinifanyie mashindano" ... msinifanyie mashindano! Ukimwambia hivyo Jelagat umepuliza kipenga, ndio mbio zimeanza, alikwenda Subukia sokoni kwa Gachanja fundi cherehani na kipande cha turubai la lori, akamchorea kwa kidole hewani, mifuko hapa, mifuko hapa, mikanda ya ubavuni, zipu mbele, na Gachanja akatoa pini mdomoni akauliza, "Mathe, hii ni ya kuzuia risasi? Unapigana na nani?" naye akamwambia, "Na uzee, na wewe kaa kando usije ukapigwa ya bahati mbaya," soko zima likasikia, na jioni hiyo hiyo akajaza mifuko yote mchanga wa mto, yote, yeye ni nani wa kuanza na kidogo, akapanda mlima na kushuka, na kesho yake alikwenda chooni akishika ukuta, akirudi akishika mti, na Chesang akaja akaukung'uta mchanga pale uani, akamwachia wa kujaa viganja viwili tu, basi akaanza upya kama mtoto wa chekechea, wiki hii kidogo, mwezi ujao kidogo...

"...na barabara zetu, Baba, na madereva walio safarini..." ameingia barabarani, nilisema, tutalala Salgaa, Kiplimo anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule, sakafu inalia, Fancy anahema, na Jelagat wala, Jelagat anaweza kusimama hapa mpaka kuku huyu afufuke, kwa sababu miguu hii si ile, miguu hii inainuka kwenye kigoda cha kukamulia bila kushika ng'ombe mkia, miguu hii inavaa gambuti ikiwa imesimama mmoja mmoja katikati ya uwanja, bila ukuta, bila mlango, nani mwingine wa rika lake anavaa gambuti hivyo, walete, na mgongo, siku moja alivaa sketi ya kanisani akaona inaning'inia juu ya vifundo, akasema imerudi, sabuni gani hizi, kumbe sketi ni ile ile, ni yeye aliyenyooka, na pumzi, kwaya ikifika ile noti ya juu ambayo wanawake wote huiacha hewani kama nguo iliyosahaulika kambani, yeye huishika mpaka mwalimu wa kwaya anamwomba kwa mkono aishushe, na usingizi unakuja kabla hajavua soksi ya pili, na mlima huu wa kutoka shamba la chini, mlima ambao wanaume huupanda wakijifanya wanaangalia mahindi ya watu ili wapumzike, yeye anaupanda akiimba, alimpita Nicodemus mbeba maziwa na pikipiki yake, ni kweli pikipiki ilikuwa imezimika na Nicodemus alikuwa anaisukuma, lakini pikipiki ni pikipiki, alimpita, na akamwambia, "Niaje kijana, unahitaji kusukumwa?" na akikivua kizibao jioni, huo ndio utamu wenyewe, ardhi inamwachilia, anatembea kwenda jikoni kama mtu anayebebwa kwapani na malaika wawili, mpaka huwa anashika meza kwanza asije akapaa...

Sasa leo walisema watafika saa saba, wakafika saa tano, mtu wa mjini huchelewa kila siku isipokuwa siku unayomwomba achelewe, yeye anapanda kutoka shamba la chini na kizibao juu ya rinda, jasho limemwingia machoni, anasikia gari limekwama kwenye matope pale chini barabarani, anasikia milango, sauti ya Bethwel inasifu Bwana, akalivuta sweta la kijani kwenye ua, akalitupia juu, akalifunga mpaka kooni, kwa sababu hakutaka kukutwa katikati ya siri, alitaka kuitoa mwenyewe kwa wakati wake, na Fancy akaja wa kwanza, akamkumbatia, viganja vikagusa mgongoni, vikasimama, vikabonyeza, ngumu, mikanda, na uso wa msichana ukabadilika kama mtu aliyefungua mlango usio wake, na baadaye Jelagat akiwa jikoni na vikombe akasikia nje ya dirisha, "Babe, nimemshika mgongo, amevaa ile corset ya hospitali, ya watu wa spine, ngumu kabisa, na hajatuambia," "Spine? Una uhakika?" "Si nakwambia nimeishika na hii mikono," na Kiplimo akamwendea Bethwel penye tenki, wakainamiana, Bethwel akatikisa kichwa mara nyingi kama mtu wa matanga, na ndiyo hii sasa inakuja, ameshatoka barabarani, anaingia mwilini... "na huu uti wa mgongo, Baba, hizi pingili ulizozipanga wewe kwa mkono wako, moja baada ya nyingine, zile alizotuficha kwa sababu hataki kutusumbua..." na Fancy anasema ndiyo Bwana, na kicheko kinampanda Jelagat kutoka tumboni, anakibana, mchanga unatikisika ndani ya mifuko, shh, tulia, amepanga vizuri, akisema Amina tu, kabla mtu hajashika kijiko, atafungua sweta, zipu, trrr, atakivua mbele ya macho yao wote na kukitua mezani, pu, sahani ziruke, halafu aseme, Kiplimo, mwanangu, inua hii kwa mkono mmoja, halafu umweleze Uncle Bethwel ni nani hapa anahitaji ghorofa ya nne, na atawaambia habari za Chesang na nyonga na gambuti, na Bethwel atatafuta mahali pa kuweka macho yake, na hadithi hii ataisimulia mpaka kaburini, na kila mwaka meza itakuwa inavunjika zaidi...

"...mwondolee kila mzigo, Baba, tunakusihi, mdogo kwa mkubwa, asibebe tena chochote, maisha yake yote yaliyobaki, asibebe chochote..." na kicheko kikakatika, hajui kwa nini, kilikatika tu, asibebe chochote, kama maji baridi yaliyomwagwa ndani ya kola, asibebe chochote, lakini hayo maombi yalishajibiwa, mzee, yalijibiwa zamani, yako pale nje, tenki la maji, Kiplimo alilileta na mshahara wake wa kwanza wa maana, "Mum, mto basi," na akacheza ngoma kulizunguka, kijiji kizima kikaja kulitazama kama ndege iliyoanguka, halafu Jemutai akaleta gesi, "Mum, kuni basi," halafu mashine ya kukata majani, "Mum, panga basi," halafu Nicodemus akapewa kazi ya kubeba mkebe wa maziwa kwa pikipiki kila asubuhi, "Mum, mlima basi," na kila kilipokuja Jelagat alikwenda kanisani mapema ili akakisimulie, nani mwingine amezaa watoto kama hawa, akakaa kwenye kiti chake mbele ya nyumba kama mke wa chifu, mikono juu ya mapaja, mikono myepesi, haikuwa na kitu, na ndipo ukaja mlango wa zizi, na matope, ta... "Kuni ulibeba lini mara ya mwisho?" lile swali la Chesang halikuwa la Mama Njuguna, basi, lilikuwa limesimama pale likimngoja yeye, na si kwamba walimnyang'anya, hapana, hilo ndilo alilokuwa anataka kulipiga mezani, mmeninyang'anya hiki na kile, na sasa mnataka na ng'ombe, lakini ni yeye aliyewakabidhi, kimoja kimoja, akishangilia, nao wakapokea kimoja kimoja kwa mapenzi, wakilegeza kamba baada ya kamba, kama watu wanaomvua mgonjwa viatu, na hawakujua kwamba hizo kamba ndizo zilizomfunga pamoja, nani angejua, daktari aliyesema mfupa unataka kazi ni sauti moja, na nyimbo zote za Siku ya Mama ni sauti ngapi...

Anamtazama Kiplimo kwa jicho lile la wazi, ameegemea kabati la vyombo, jasho bado liko kwenye paji, kwa sababu kutoka gari lilipokwama alipanda na kreti ya soda na unga na sukari na mkate, akihema kama mvukuto, na Jelagat aliponyoosha mkono achukue hata ule mkate tu, alikataa, akaukumbatia mkate kama unaibiwa, "Mum, usijisumbue," huyu, ambaye akiwa na homa ya mapafu alibebwa mgongoni kutoka hapa mpaka zahanati ya Subukia kwa miguu, mvua, usiku unaingia, kichwa chake cha moto kikigonga kati ya mabega ya mamake, na mama hakuhisi uzito, huo ndio ukweli ingawa ni Jelagat anayeusema, hakuhisi, na sasa anaogopa kumpa mamake mkate, na hasira aliyokuwa ameipasha moto tangu simu ya Jemutai, anaitafuta kifuani haipo, kuna mchanga tu, na kijana mnene aliyechoka anayetaka mamake asife... "tunamkabidhi mikononi mwako..." na karibu ya Kiplimo ni Fancy, na mikononi mwa Fancy ni Jerop, mjukuu, hajatimiza miaka miwili, mashavu kama maandazi ya harusi, mzito, Fancy amemhamisha kutoka nyonga ya kulia kwenda ya kushoto, na kurudi, na kwenda tena, vidole vyake vimekuwa vyeupe, anauma mdomo, na Jerop hafumbi macho, Jerop ni wa ukoo huu upande wa nyanyake, anamtazama kogo wake, nyanya huyu, moja kwa moja, na pale uani walipofika alimnyooshea mikono yote miwili, na Fancy akamvuta nyuma, kwa upole, upole tu, "No baby, kogo ana mgongo, utamuumiza," na hilo Jelagat alilipita haraka haraka kama mtu anayepita mbwa, akajidai anaona kuku wameingia kwenye mboga, kwa sababu hilo ndilo halina mzaha wa kulijibu, na ukweli wenyewe, sasa kwa kuwa hakuna anayesikia, na Bethwel anamshughulisha Mungu, ukweli ni kwamba hakuumia kwa kukatazwa, alishusha pumzi, tangu mkono uvunjike hajambeba mtoto yeyote, hajaomba, akitembelewa na watoto anakumbuka ana maziwa jikoni, kwa sababu mchanga ukiuangusha unauzoa, Nicodemus ukimpita hakuna anayeumia, lakini Jerop, kifundo hiki, vitundu hivi, ta, na miezi yote hii ya mlima na kizibao, na kupita pikipiki, na gambuti, alikuwa anawaambia watu anajiandaa kupigana na uzee, na kumbe alikuwa anajiandaa kwa mikono miwili midogo iliyonyooshwa, na iliponyooshwa alitazama kuku...

Kwa hiyo Section 58 haiko Nakuru, iko hapa hapa, imekuwa hapa muda wote, hata kama atawashinda hawa wote kwa maneno, hata sahani zikiruka mpaka Subukia, akibaki na shamba na ng'ombe na bado anatazama kuku mtoto akimnyooshea mikono, basi amekwisha kuhama, na hii meza, hapana, haipigwi na kitu leo, wacha wale, wacha sweta lifungwe mpaka kooni, akiulizwa atasema siendi, neno moja, ameketi, anamimina chai, siendi, bila zipu, bila ushahidi, Bethwel aonelee anavyoonelea, na wakitaka kujua nguvu zinatoka wapi watauliza siku nyingine na atawapa hadithi ndefu... "umshike, Baba, asianguke tena..." na miguu yake inaondoka yenyewe, hatua ndogo, sakafu hailii, amesimama mbele ya Fancy, ananyoosha mikono, mikono yote, na wa kushoto, Fancy anafungua macho, anamtazama, anatazama sweta, ananong'ona, "Mum, mgongo..." naye ananong'ona, "Mgongo ni wangu, lete mtoto," "Mum, ni mzito sana," "Hata mimi ni mzito sana, lete," na Fancy anamtazama Kiplimo, Kiplimo amefumba macho yake kama mtu mwadilifu, hakuna msaada huko, na Jerop wala hangoji ruhusa ya mtu, anajitupa, mwili mzima, kama gunia linaloruka kutoka lori, na uzito unafika, juu ya kilo saba unafika, kifundo cha kushoto kinasema kitu, kinanguruma kidogo, kinanyamaza, magoti yanapokea, nyonga zinapokea, visigino vinaingia chini kama mizizi, kifua mbele, na hakuna kilichovunjika, amengoja, amesikiliza kwa mwili mzima, hakuna, na Jerop anaweka kiganja shingoni, anakiingiza ndani ya kola ya sweta, anakuta mfuko wa turubai, anaufinya, mchanga unasema kri, anaufinya tena, kri, anainua macho, anamtazama kogo kwa mshangao mkubwa kama ameshika mwizi, na kogo anaweka kidole mdomoni, shh, na Jerop naye anaweka kidole mdomoni, chake mwenyewe, shh, halafu analaza shavu pale pale juu ya mchanga, na Fancy anakunja na kukunjua vidole vyake vilivyokufa ganzi, bado hajafumba macho, hajui kama acheke au amwite mumewe, na mvuke umeisha juu ya chai, na Bethwel anavuta pumzi ndefu, kila mtu anajikusanya kwa Amina, mkono wa Kiplimo umeshaanza kwenda kwenye kiti, "Na zaidi ya yote, Baba wa milele," anasema Bethwel, na mtu mmoja anaguna kwa uchungu, na Jelagat anampandisha mtoto vizuri begani, anapanua miguu kidogo, endelea tu, mzee, anasema moyoni, endelea, mimi sina haraka...